Mifumo ya mtandaoni ijaribiwe na wananchi kabla ya kuzinduliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo limezoeleka kuelezwa kwa maneno mawili tu, "uelewa mdogo". Kila unapozinduliwa mfumo mpya wa kuombea ajira, mkopo wa masomo, leseni au cheti, na wananchi wakashindwa kuutumia, tunaambiwa kwamba elimu zaidi itatolewa kwa umma. Mimi naendesha steshenari mjini Morogoro, mahali ambapo walioshindwa huishia, na ninachokiona mezani kwangu kila siku ni watu wanaojua vizuri wanachotaka, lakini wamewekewa mbele yao fomu iliyotengenezwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona mwananchi yeyote akiijaza.

Nitaeleza fomu moja bila kuitaja ni ya nani, kwa kuwa kasoro zake zimo katika fomu nyingi. Inaanza kwa kuomba namba ya Kitambulisho cha Taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20, na huandikwa kwa mafungu manne yaliyotenganishwa kwa vistari: tarakimu nane, kisha tano, kisha tano nyingine, kisha mbili. Mpangilio huo una busara, kwa sababu kumbukumbu ya binadamu hubeba mafungu machache kwa urahisi kuliko safu moja ndefu, jambo ambalo mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alikwisha kuliandikia makala mwaka 1956. Lakini mwombaji akiiandika namba yake kama inavyosomeka, vistari vikiwamo, fomu inaikataa. Akiviondoa, anabaki na tarakimu 20 zilizobanana, ambazo inambidi azihesabu upya kwa ncha ya kidole ili ajue kama ameruka moja. Programu ingeweza kuviondoa vistari hivyo yenyewe, bila mwombaji hata kujua. Baada ya hapo fomu inamuuliza tarehe ya kuzaliwa, ilhali tarakimu nane za mwanzo za namba aliyomaliza kuiandika ndizo mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Isitoshe, haimruhusu kuiandika tarehe hiyo kwa mkono wake, bali inamfungulia kalenda ya mwezi huu wa mwaka huu, na mtu aliyezaliwa mwaka 1971 analazimika kubonyeza mshale wa kurudi nyuma mwezi baada ya mwezi, zaidi ya mara 600, asipogundua kwamba mwaka ulioandikwa kwa herufi ndogo juu ya kalenda nao unabonyezeka. Hakuna alama yoyote inayomwonyesha hivyo. Akifanikiwa kufika mwisho na kutuma, na kama pana kosa mahali fulani, hutokea maandishi mekundu ya Kiingereza yasemayo kwamba taarifa si sahihi, bila kusema ni taarifa ipi, na kila alichokijaza kinafutika.

Huyo ndiye tunayesema ana uelewa mdogo.

Uchunguzi wa namna watu wanavyotumia mashine na kompyuta ni taaluma kamili yenye historia ndefu, na mizizi yake imo katika swali hilihili la nani alaumiwe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa bado inakwenda juu ya barabara yake, wanakunja magurudumu badala ya mabawa madogo ya nyuma ya bawa kubwa, na ndege inalala kwa tumbo. Kumbukumbu ziliandikwa kwamba ni uzembe wa rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipokwenda kuangalia ndani ya chumba cha rubani alikuta swichi mbili zilizofanana kwa kila hali, zimewekwa ubavu kwa ubavu. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa ni kubandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi ya magurudumu na kipande chenye umbo la kabari kwenye ile nyingine, ili mkono wenyewe utambue umeshika nini. Mwaka 1947 Paul Fitts na mwenzake Richard Jones walichambua matukio 460 yaliyokuwa yakiitwa makosa ya rubani, wakaonyesha kwamba mengi yalitokana na jinsi vifaa vilivyopangwa. Nalitaja tukio hilo la kale kwa sababu marubani wale hawakuwa watu wenye uelewa mdogo. Walikuwa vijana waliochujwa na kufunzwa kwa makini, na bado swichi mbaya iliwashinda.

Wapo watakaoona kwamba ndege ni kitu cha hatari na fomu ni karatasi tu. Nawaomba wakumbuke mashine ya tiba ya mionzi iliyojulikana kama Therac-25, ambayo kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwazidishia mionzi wagonjwa sita huko Marekani na Kanada, wengine wakafariki. Chanzo kilikuwa hitilafu ndani ya programu na upungufu wa vizuizi vya usalama katika mashine yenyewe, lakini skrini nayo ilichangia. Mashine ilipogundua tatizo, iliandika maneno yaliyomaanisha "hitilafu ya 54" na basi, na wahudumu, ambao walizoea kuona ujumbe wa namna hiyo mara kwa mara pasipo madhara, waliruhusiwa kuendelea kwa kubonyeza herufi moja. Ujumbe usiomweleza mtu kilichoharibika unamfundisha kuupuuza. Kijana anayekosa mkopo wa masomo kwa sababu maombi yake yamekwama kwenye maandishi mekundu hafi, lakini mwaka mzima wa maisha yake unapotea, na hakuna tume inayoundwa kuchunguza.

Jambo la kutia moyo ni kwamba tiba inafahamika na haigharimu sana. Mwaka 1985 watafiti wawili wa kampuni ya IBM, John Gould na Clayton Lewis, walichapisha kanuni tatu ambazo hadi leo ndizo msingi wa kazi hii: wajue watumiaji na shughuli zao tangu mwanzo, pima kwa kuwapa watu halisi kazi halisi za kufanya, kisha rekebisha na upime tena. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Unamketisha mwananchi mbele ya mfumo, unampa kazi kama vile "omba cheti cha kuzaliwa cha mtoto wako", unamsihi aseme kwa sauti anachokifikiri, nawe unakaa kimya na kuandika anapokwama. Jakob Nielsen, mtafiti mashuhuri wa fani hii, amekuwa akisisitiza kwamba watu watano tu wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za mfumo, na kwamba ni bora kupima watano, ukarekebisha, ukapima wengine watano, kuliko kufanya jaribio moja kubwa. Mimi ningeongeza sharti moja: watano hao wasiwe vijana wa ofisi ya mkandarasi. Awemo mkulima, awemo mama lishe, awemo mzee anayevaa miwani, na simu wanayotumia iwe yao wenyewe. Fundi cherehani humpima mteja kabla ya kukata kitambaa, na hampimi mwanawe kwa niaba ya mteja.

Hili si jambo geni kwetu Afrika Mashariki. Huduma ya M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, ilifanyiwa majaribio tangu Oktoba 2005 katika maeneo machache, Thika ukiwamo, pamoja na wateja wa taasisi ya mikopo midogo. Lengo lililokusudiwa lilikuwa kumwezesha mkopaji kulipa rejesho la mkopo kwa simu. Waliosimamia majaribio hayo, Nick Hughes na Susie Lonie, waliwaangalia watu wakifanya mambo ambayo hayakuwamo katika mpango: wengine walilipiana mikopo, wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, wengine walinunua muda wa maongezi na kuwatumia ndugu zao walio mbali. Huduma ilipozinduliwa, kulipa mikopo kuliwekwa kando na kutumiana fedha ndiko kukawa kiini chake. Nathubutu kusema kwamba kama majaribio hayo yangerukwa ili kuwahi siku ya uzinduzi, huduma ambayo leo inategemewa na mamilioni ya watu ingebaki kuwa chombo cha kulipia marejesho.

Angalia pia tatizo la kutuma fedha kwa namba isiyo sahihi. Kwa muda mrefu wateja walionywa wawe makini, na fedha ziliendelea kupotea. Siku hizi, kabla hujaweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji, na mtu anayeona jina asilolifahamu husitisha mara moja. Wateja ni walewale. Kilichobadilishwa ni kile wanachoonyeshwa kabla ya kukubali.

Kwa wale wasiosoma vizuri, utafiti nao umeshafanyika, na sehemu yake ilifanyika jirani. Indrani Medhi na wenzake, wa kituo cha utafiti cha Microsoft kilichoko India, waliwachunguza watumiaji wa simu wenye elimu ndogo katika nchi za India, Kenya, Ufilipino na Afrika Kusini, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Walishauri picha na sauti zitumike, lugha ya mahali hapo itumike katika maandishi na katika sauti, na menyu zenye ngazi nyingi zipunguzwe, kwa sababu kushuka kutoka menyu moja hadi nyingine huwapoteza watu. Ushauri wao wa mwisho ndio ulionigusa zaidi: kwamba watu wa kati, wale wanaomsaidia mtumiaji kuufahamu mfumo, wahesabiwe kuwa sehemu ya mfumo wenyewe.

Hapo ndipo tulipo sisi wa steshenari. Wabunifu wa mifumo huchora picha ya mtu mmoja, simu moja na nywila moja, lakini hali halisi ni kwamba mwombaji ameketi kwenye benchi na anayebonyeza ni mtu mwingine. Mteja hana anwani ya barua pepe, anafunguliwa papo hapo. Nywila anachaguliwa na mhudumu, na kwa kuwa atairudia baada ya miezi mitatu akiwa ameisahau, inaandikwa kwenye daftari la dukani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sheria nzuri ninayoiunga mkono, lakini mfumo ambao mwananchi wa kawaida hawezi kuutumia bila kumkabidhi mtu baki namba zake zote za siri unaifanya sheria hiyo iwe ngumu kutekelezeka. Mhudumu mwaminifu hatadhuru mtu. Asiye mwaminifu amewekewa kila kitu mezani. Ingewezekana kabisa kuweka njia ambayo msaidizi anajaza kwa niaba ya mwombaji akiwa ametambuliwa hivyo, na mwombaji akathibitisha kwa simu yake mwenyewe kwa ujumbe wa Kiswahili ulio wazi. Lakini hilo halitabuniwa na mtu ambaye hajawahi kuliona benchi hilo.

Ninapendekeza, basi, kwamba kila mkataba wa kutengeneza mfumo wa kuhudumia umma utamke kuwa malipo ya mwisho hayatatolewa mpaka iwasilishwe ripoti ya majaribio ya wananchi, ikionyesha walioshindwa walikwama wapi na nini kilirekebishwa, na Mamlaka ya Serikali Mtandao iisome ripoti hiyo kwa uzito uleule inaousomea usalama wa mfumo. Uingereza, katika viwango ilivyoanza kuvitumia mwaka 2014 kwa huduma zake za kidijitali, iliweka vigezo 26, na cha mwisho kilimtaka waziri mwenye dhamana ajaribu yeye mwenyewe huduma hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kigezo hicho nakitamani sana hapa kwetu. Waziri akae mbele ya simu ya kawaida, bila msaidizi pembeni, aandike tarakimu 20 na aitafute tarehe yake ya kuzaliwa kwenye ile kalenda, kabla ya utepe kukatwa.

Gharama isiwe kisingizio, kwa kuwa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vina wanafunzi wa TEHAMA wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka, na mkutano wa kwanza wa Afrika wa fani hii ulikwisha kufanyika Nairobi mwaka 2016, hivyo wataalamu hawako mbali. Wanafunzi hao wakija Morogoro na daftari zao, steshenari yangu iko wazi kwao, ilimradi mteja aombwe ridhaa na jina lake lisiandikwe. Kwa sasa naomba wahusika wajibu kupitia gazeti hili swali moja: mfumo utakaozinduliwa baada ya huu, utajaribiwa na wananchi gani, wapi, na matokeo yatatangazwa lini?

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwenye steshenari,
Morogoro