Msamaha wa kodi kwa wafanyakazi wenye usonji

Ndugu wanachama,

Wengi wenu mnaoishi na usonji na mmeajiriwa hapa Kenya mna haki ya msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, nami naona uchungu kila ninaposikia kwamba mwenzetu mwenye kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu bado anakatwa kodi hiyo. Kadi peke yake haisimamishi makato. Ni lazima uombe cheti cha msamaha kutoka Mamlaka ya Ushuru (KRA), kisha ukipeleke kwa mwajiri ili anayeandaa mishahara afute makato ya PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Michango ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) itaendelea kukatwa kama kawaida.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni hospitali ya serikali, unakopimwa na kuandikiwa ripoti ya ulemavu ya kuambatisha na ombi, kwa kuwa usonji hauonekani kwa macho, na ripoti inayotaja jina la hali yako bila kueleza inavyoathiri kazi ni dhaifu. Nendeni na maelezo yaliyoandikwa mapema: kelele za ofisini zinavyokuchosha, maagizo ya mdomo yanavyokupotea, saa unazohitaji kupumzika baada ya mikutano. Anayeshindwa kuzungumza akiwa na wasiwasi amkabidhi daktari karatasi hiyo, au aandamane na mtu anayemwamini.

Cheti kina tarehe ya kuisha, kwa hiyo itazameni sasa. Anayetaka kusaidiwa kuandika maelezo yake aniandikie faraghani.