Rezo ya chuo kikuu inahitaji mutu wa kuishika, antena peke yake haitoshi

Bwana muhariri,

Salamu nyingi kwenu wote wa gazeti, huku Lubumbashi tunawasoma na tunafurahia kazi yenu. Mimi nafundisha katika chuo kikuu kimoja cha hapa mujini, niko shefu de travo (mwalimu aliye juu ya asistanti na chini ya profesere), na naandika kwa sababu mara nyingi nasoma kwenu habari ya sali mupya ya informatiki iliyofunguliwa fasi fulani, kuna picha, kuna utepe unakatwa, kuna wakubwa wamesimama mbele ya ordinatere ambazo ata plastiki haijatoka. Ni habari nzuri, naifurahia kabisa. Lakini sijasoma bado habari ya sali ileile miaka miwili kisha, nani anaichunga, nani anaitengeneza, na mwalimu akikwama saa mbili asubuhi mbele ya wanafunzi oditware imejaa, anaita nani? Kwangu mimi shida yetu yote iko katika swali hilo la mwisho.

Wasomaji wengine wanaweza kufikiri mwalimu wa chuo kikuu anahitaji tu choki na ubao. Zamani sawa. Lakini tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yote imeingia katika sistemu ya LMD (Lisansi, Masta, Doktora), na LMD inaomba mambo mengine: pointi za wanafunzi zinaingizwa kwenye ordinatere, kozi inatumwa kwa wanafunzi wakaisome mbele ya kuja, makala yanapaswa kutoka katika majarida yanayoonekana kwenye intaneti, memware na teze zinasahihishwa kwa imeili saa za usiku. Hayo yote yanapita kwenye rezo, ni kusema mtandao unaounganisha ordinatere za chuo na intaneti. Na rezo ikilala, mwalimu anatoa simu yake, ananunua mega kwa franga ya mfukoni, anashirikisha na ordinatere, anaendelea. Kila asistanti ninayemujua anafanya hivyo, mwezi kwa mwezi, na hakuna mutu anamurudishia, wakati wanafunzi katika frè zao wanalipa kitu cha intaneti.

Sasa niwaambie vile mambo yanaendaka pale kwetu, juu watu wanafikiri kila mara kosa ni la kampuni ya intaneti. Katika korido ya fakilte kuna ruta ndogo, mashine ya kugawa intaneti, imetundikwa juu ya mulango, ile ya namna watu wanatumia nyumbani. Ruta ya namna ile inagawa namba kwa kila kifaa kinachojishika, na kwa kawaida namba hizo hazipiti 254. Kode ya waifai inajulikana na kila mutu, kwa hiyo mwanafunzi amepita tu na simu mfukoni, simu imejishika yenyewe, imechukua namba, na namba inabaki kwake siku nzima ata kama yeye ameisharudi kwao Katuba tangu asubuhi. Saa ine hivi namba zimeisha. Mwalimu anafungua ordinatere yake, anaona waifai imejaa mistari yote, lakini hakuna kinachofunguka, analalamika kwamba intaneti ya kampuni ni mbaya, komite inaandikia kampuni barua, kampuni inajibu kwamba fibri, kable yake ya intaneti, iko sawa, na kweli fibri iko sawa! Dawa yake ni kupunguza muda wa namba, ikae saa moja badala ya siku nzima, na kutenganisha rezo ya walimu, ya wanafunzi na ya ofisi, kila mumoja na njia yake. Fundi anayejua kazi yake anaanza na ile ya kwanza asubuhi moja bila kununua kitu. Lakini pale kwetu fundi haiko.

Alikuwako. Na hapa ndipo nataka watu wanisikie vizuri. Alikuwa kijana muzuri, mwenye akili, alisomea hapahapa, alijua kila kable inapita wapi. Karatasi yenye namba yake ya telefone ingali imebandikwa chini ya ile ruta na skochi. Saa hii yuko Kolwezi, kampuni moja ya migodi ilimuchukua, na simulaumu ata kidogo, mutu iko na mke na watoto, na prime ya fundi katika chuo kikuu kila mutu anaijua. Watu wanaendelea kumupigia. Anajibu saa ya kula, anaeleza polepole kwa telefone bonyeza hapa, chomoa pale, washa tena, kisha anarudi kwenye kazi ya watu wanaomulipa. Hivyo ndivyo walimu wa chuo kikuu cha muji mukubwa kama Lubumbashi wanapata msaada wa teknolojia, kwa huruma ya kijana aliyeondoka.

Na alipoondoka, kode za ndani za mashine ziliondoka naye, si kwa ubaya, hakuna mutu alimuomba aziandike mahali, hakuna daftari, hakuna mutu wa kumurisi. Kisha kukatokea shida, mutu akabonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma cha ruta kwa sindano, mashine ikarudi vile ilivyotoka dukani, na kila kitu alichopanga kikafutika. Tukaanza upya.

Hapa Lubumbashi hakuna mutu anafungua mashini ya kusaga bunga katika kartie bila kuweka mutu wa kuisimamia, anayejua sauti yake ikiharibika. Sasa kwa nini tunaweka vyombo vya dola maelfu katika chuo kikuu na tunaviacha peke yake?

Kuna mambo mengine mutu kama huyo angetupatia na watu hawayafikirii. Kwa mufano, majarida. Tangu 2002 OMS, shirika la afya la dunia, iliweka mpango wa Hinari, ambao leo uko ndani ya Research4Life, unaofungulia vyuo vya nchi zenye uchumi mudogo maelfu ya majarida na vitabu vya sayansi. Congo yetu iko katika kundi A, maana yake chuo hakilipi kitu. Bure. Lakini chuo kinapaswa kujiandikisha, kupewa kode, na kuwa na mutu wa kuigawa vizuri kwa walimu na kuwaonyesha vile wanatafuta. Pale ambapo hakuna mutu wa namna hiyo, asistanti anayeandika teze anakuta makala moja inauzwa dola 30 na kupita, anaiacha, anaandika bila kuisoma, kisha tunashangaa kwa nini teze zetu zina vitabu vya miaka ya 1980. Hii inaniuma sana, kwa sababu mulango uko wazi na watu wanasimama inje.

Ao tuchukue imeili. Mwalimu anatuma makala yake kwa jarida la inje na adresi ya Gmail, wakati vyuo vyetu vinaweza kuwa na adresi zao zinazoishia na ac.cd. Majarida mengine yanaangalia hiyo. Kuweka imeili ya chuo si kazi ya ajabu, lakini inaomba mutu wa kufungua akaunti mwalimu anapoingia, kuifunga anapotoka, kumusaidia akisahau kode yake. Ni kazi ya kila siku. Haiwezi kufanywa na mugeni wa projet anayekuja juma mbili na kurudi Ulaya.

Apdeti pia. Ordinatere makumi zinawashwa asubuhi na kila moja inaanza kujishushia kitu kilekile kutoka Marekani, rezo yote inameza hiyo mpaka saa sita. Fundi anaweza kuweka seva moja ya ndani inayoshusha mara moja kisha inagawia zingine. Na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutengeneza Windows 10 bure kwa watu wote, sasa nani alipita katika ofisi za walimu kuwaambia mashine zao zinabaki bila kinga na kuwaonyesha njia ya kufuata? Mimi sikuona mutu.

Majirani zetu walielewa mambo haya mbele yetu. Kenya wako na KENET tangu 1999, Uganda wako na RENU, Tanzania TERNET, vyuo vyao vimeungana, vinanunua intaneti pamoja na, kitu cha lazima zaidi, mafundi wao wanafundishana, fundi wa chuo kidogo akikwama anamupigia mwenzake wa chuo kikubwa. Wote hao wako ndani ya UbuntuNet Alliance, muungano wa rezo za namna hiyo, yenye ofisi yake Lilongwe, Malawi. Sisi pia tuko na Eb@le, rezo ya vyuo na utafiti ya Congo, ambayo ni memba palepale. Tena kuna eduroam, waifai ya vyuo vya nchi nyingi, wazo lililotoka Uholanzi 2002: mwalimu anaingiza kode yake ya chuo mara moja tu, kisha akisafiri kwenda chuo kingine chenye eduroam, Kampala ao Nairobi ao Bruxelles, simu yake inajishika yenyewe. Mwalimu wa kwetu akifika kule anaomba kode kwa mulinzi.

Najua jibu litakuwa gani. Watasema walimu wenyewe hawalipwi vizuri, sasa tutatoa wapi franga ya mafundi? Naheshimu neno hilo, mishahara yetu kweli ni shida. Lakini tufanye hesabu ya vile tunapoteza. SNEL, kampuni ya umeme, inakata, umeme unaporudi unarudi na nguvu, suichi ya rezo inaungua kwa sababu hakuna mutu aliyeweka ondulere (mashine ya kuchunga umeme na batri) ao aliyebadilisha batri yake iliyokufa zamani. Mvua inaanza Novemba mpaka Machi, na radi za Katanga kila mutu anazijua, antena iko juu ya paa bila waya wa kuishusha radi chini. Wezi wanakata kable wakifikiri ni shaba, wanakuta fibri ni kioo, hawapati kitu na sisi tunabaki siku nyingi bila rezo. Kila mashine inayoungua hivyo, ao inayolala kwa sababu hakuna anayeiwasha tena, ni franga iliyokwisha kutoka. Kisha tunangoja mufadhili mwingine alete zingine.

Na tena mutu wa rezo anatupatia ukweli, jambo ambalo wakubwa hawalioni. Tarehe 6 Agosti 2023 ardhi iliporomoka chini ya bahari katika korongo la muto Kongo, ikakata kable za intaneti za chini ya bahari, WACS na SAT-3, na nchi nyingi za Afrika zikasumbuka. Siku kama hiyo ruta ya korido haina kosa, na mutu wa kutuambia angeokoa siku zetu: leo shida iko baharini, pangeni kozi bila intaneti. Badala yake kila mutu anazima na kuwasha, anafungua na kufunga, mpaka anaharibu ata kile kilichokuwa kizuri. Kuna Moodle, programu ya kuweka kozi, inayoweza kukaa kwenye seva ya ndani na kufanya kazi bila intaneti ya inje, mwalimu anaweka kozi, wanafunzi wanaichukua palepale kampusi, mega zero. Hiyo programu ni ya bure. Inakosa mutu.

Tangu 2025 Starlink, intaneti ya satelaiti, nayo imepewa ruhusa katika nchi yetu, na naona fakilte zingine zinaanza kuchanga franga zijiwekee antena yao peke yao. Naelewa sana, mutu amechoka. Ila fakilte tajiri itakuwa na rezo na ile masikini itabaki hivyohivyo, kila moja na kode yake, na bado siku antena ikigoma swali litakuwa lilelile, tunaita nani.

Kwa hiyo nawaomba wa komite za jestio (za uongozi) za vyuo vyetu vyote, vya Leta na vya binafsi, sana sana administratere wa bije, anayeshika franga: ile franga ya intaneti ambayo wanafunzi wanalipa, kipande chake kiandikwe wazi kwa jina la mafundi, mshahara wa kuwafanya wabaki, masomo ya kila mwaka, na daftari la kode linalofungwa katika kofre ya chuo. Wasiwekwe chini kabisa ya orodha ya PATO, wafanyakazi wasio walimu, kama watu wa kubeba meza, kazi yao inagusa kila kozi na kila deliberasio (kikao cha kuamua pointi za wanafunzi). Wizara ya ESU (ya vyuo vikuu) Kinshasa nayo iseme ni mafundi wangapi chuo kinapaswa kuwa nao kufuatana na ukubwa wake, vile inasema juu ya maprofesere.

Na kama franga ya watu watatu haipo, waanze na mumoja. Wamupe ofisi karibu na walimu, funguo ya kila korido, na namba ya telefone ya kazi, inayobaki kwa chuo ata kama yeye ataondoka, iandikwe kwenye mulango wa kila oditware.

Msomaji wenu,
Shefu de travo, Lubumbashi