Samaki wako hai chini ya barafu

Shikamoo Baba. Salamu zenu nimezipata, asante sana, na Mama mwambie koti alilonisisitizia nimeshanunua. Uliniuliza wale samaki wa bibi mwenye nyumba wangu wanaishije wakati kwenye picha bwawa lote limekuwa jeupe, kwenye simu mtandao ulikuwa unakatika ndo maana nakuandikia.

Wako hai kabisa Baba. Huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwezi wa kwanza inaweza kushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri, barafu ya ziwani inakuwa nene mpaka watu wanapita juu na magari, lakini maji yana tabia moja nzuri sana, yakifika nyuzi 4 ndo yanakuwa mazito kuliko wakati wowote yanazama, yanayopoa zaidi ya hapo yanabaki juu na hayo ndo yanaganda. Kwa hiyo chini bado kuna maji na hawa samaki, wanaitwa koi, ni wa mapambo, wanakaa hukohuko. Bwawa lenyewe limechimbwa mita moja na nusu, lingekuwa la kina kifupi lingeganda mpaka kwenye tope. Ukipiga magoti ukamulika tochi unawaona wamebanana chini, mapezi yanacheza kidogo tu, mashavu yanafunguka taratibu mno.

Na hawali. Najua hili litakushangaza wewe unayewatupia sato pumba asubuhi na jioni, ila maji yakishuka chini ya nyuzi 10 tumbo la koi halisagi chakula vizuri, wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea wakati wa joto. Sato wako hapa wasingetoboa, baridi hii wangekufa wote.

Koi wanachokufa nacho hasa ni kukosa hewa. Majani yakiozea chini yanatoa gesi mbaya, barafu ikifunga kote ile gesi haina pa kutokea na oksijeni haina pa kuingilia. Ndo maana majani yakianza tu kuanguka tunatandaza wavu juu ya bwawa, halafu tunaweka hita ndogo inayoelea, hiyo haipashi bwawa zima, kazi yake ni kuacha tundu wazi basi. Mpira wa kupulizia hewa majini tunauinua usifike chini kabisa, ukifika utavuruga yale maji ya uvuguvugu wanayoyategemea. Umeme ukikatika tundu likaziba naweka sufuria la maji ya moto juu ya barafu mpaka inatoboka. Nyundo hapana Baba, ule mshindo unapita majini unawaumiza, hata watoto wa jirani nimewakataza kurukaruka pale. Theluji nayo nafagia ili mwanga ufikie mimea.

Bibi alianza kuwafuga na marehemu mumewe na sasa miguu inamsumbua, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kazi naangalia tundu kwanza, nawapenda kwelikweli hawa samaki.

Barafu ikiisha nitakurekodia video. Na wewe nipimie kina cha bwawa letu, nataka tuongee kabla hujalipanua.