Kilkenny, Tipperary na kistari kwenye matokeo ya hurling

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo wa kimataifa ulichapa matokeo ya nusu fainali ya hurling ya Ireland ya mwaka 2025, Tipperary 420, Kilkenny 30, ukaita mchezo huo "kipigo cha kihistoria". Kistari kilianguka njiani. Matokeo halisi yalikuwa Tipperary 4-20, Kilkenny 0-30, na mechi hiyo iliamuliwa kwa tofauti ya pointi mbili. Bila kistari hicho, uhasama mkubwa kabisa wa mchezo huu haueleweki hata kidogo.

Kwa asiyeujua: hurling huchezwa na watu 15 kila upande, wenye magongo, kwenye uwanja wenye urefu wa mita 130 hadi 145. Goli lina umbo la herufi H, upana wa mita 6.5, na mtambaa panya uko mita 2.5 juu ya ardhi. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya ni bao, nalo lina thamani ya pointi tatu. Ukipita juu yake, katikati ya nguzo, ni pointi moja. Matokeo huandikwa mabao kwanza, kistari, kisha pointi. Kwa hiyo 4-20 ni mara tatu ya nne, yaani 12, ongeza 20, jumla 32. Kilkenny hawakufunga bao hata moja, walipata 30. Wasomaji waliozoea mpira wa magongo wa nyasi bandia wasidhani ni jamaa wa karibu: hapa mpira, ambao ni mdogo na una uzito wa gramu 110 hadi 120, hudakwa kwa mkono, hupigwa ukiwa hewani, na hauokotwi kwa mkono kutoka ardhini, sharti uinuliwe kwa gongo kwanza. Mchezaji akiushika mkononi asizidishe hatua nne.

Sasa Kilkenny na Tipperary. Ni kaunti mbili zinazopakana, lakini mpaka wao ni mpaka wa majimbo pia: Kilkenny iko Leinster, Tipperary iko Munster. Kila moja ya majimbo hayo mawili lina mashindano yake, na ubingwa wa nchi nzima hukutanisha majimbo baadaye. Matokeo yake, tofauti na watani wetu wa jadi wa Kariakoo ambao ratiba ya ligi inawakutanisha kila msimu watake wasitake, hawa wanaweza kupitisha miaka bila kukutana katika ubingwa, ingawa ligi ya mwanzo wa mwaka huwakutanisha mara kwa mara. Wakikutana, basi mara nyingi ni fainali au hatua iliyo jirani nayo. Wachezaji hawalipwi mshahara na hakuna soko la usajili. Mtu huchezea kaunti yake. Mpaka wenyewe hauzuii shule, hata hivyo. Eoin Kelly, nahodha wa Tipperary mwaka 2010, ni wa klabu ya Mullinahone, upande wa Tipperary karibu kabisa na mpaka, na alisoma St Kieran's College mjini Kilkenny, shule ambayo ni kiwanda cha wachezaji wa wapinzani wake.

Kwa muda mrefu haukuwa uhasama wa watu wawili wenye nguvu sawa. Baada ya Kilkenny kushinda fainali ya 1922, walikaa miaka 45 bila kuifunga Tipperary katika ubingwa. Fainali ya 1937 waliambulia 0-3 dhidi ya 3-11. Ile ya 1950 waliikosa kwa pointi moja tu, 1-8 dhidi ya 1-9. Mwaka 1964 wakapigwa 5-13 kwa 2-8. Ukuta ulianguka 1967, Kilkenny 3-8, Tipperary 2-7, katika mechi ambayo Tom Walsh, mshambuliaji wa Kilkenny, alipoteza jicho. Siku hizo watu walicheza vichwa wazi. Kofia ngumu yenye wavu wa uso ikawa lazima kwa ngazi zote mwaka 2010 tu. Fainali ya 1971 ndiyo inayotajwa zaidi na wazee: Eddie Keher wa Kilkenny alifunga peke yake 2-11, yaani 17, na bado akarudi nyumbani bila kombe, 5-17 kwa 5-14.

Lakini anayetaka kuelewa kistari aende moja kwa moja kwenye miaka ya 2009 hadi 2019. Katika kipindi hicho walikutana kwenye fainali sita, mechi saba kwa sababu moja ilirudiwa, na kila upande ukachukua makombe matatu. Nashauri msomaji ayapange matokeo hayo kwenye karatasi, kisha afiche mabao kwa kidole asome pointi peke yake.

Fainali ya 2009: Kilkenny 2-22, Tipperary 0-23. Ficha mabao, Tipperary wameshinda kwa moja. Walicheza vizuri zaidi kwa muda mrefu, lakini kipa wa Kilkenny, PJ Ryan, alizuia kila kilichoelekea chini ya mtambaa panya. Dakika ya 63 mwamuzi akaipa Kilkenny penalti ambayo mpaka leo Tipperary hawaikubali. Wakati huo penalti ilizuiwa na watu watatu kwenye mstari. Henry Shefflin akaupenyeza. Muda mfupi baadaye Martin Comerford akafunga la pili. Pointi sita ndani ya dakika chache, na kwa timu iliyotegemea pointi mojamoja hapakuwa na muda wa kuzirudisha, hasa ikiwa pungufu ya mchezaji mmoja kwa kadi nyekundu.

Fainali ya 2010 ni kioo cha ile: Tipperary 4-17, Kilkenny 1-18. Ficha mabao, Kilkenny mbele kwa moja. Kilkenny ya kocha Brian Cody ilikuwa inatafuta ubingwa wa tano mfululizo, jambo ambalo hakuna kaunti iliyowahi kulifanya katika hurling. Shefflin aliingia na goti lililoumia kwenye nusu fainali na hakumaliza hata robo saa. Hilo lilisaidia, ila halikuwa siri yote. Washambuliaji wa Tipperary hawakukaa kwenye namba zao. Aliyetakiwa kusimama mbele ya kipa alitoka kuelekea katikati, beki wake akamfuata kama alivyofundishwa, nafasi iliyobaki nyuma ikaingiwa na mwingine akikimbia kutoka pembeni, na mpira mrefu ukaangushwa hapo hapo. Lar Corbett alifunga mabao matatu. Mfumo huo una hatari yake, nayo si ndogo: mpira mrefu usipofika, mabeki wa Kilkenny wanaudaka na mshambuliaji wako yuko mita 40 mbali na mahali anapohitajika. Nusu fainali ya 2012 ilionyesha ubaya wake. Tipperary walimtuma Corbett huyo huyo amfuate beki wa Kilkenny Tommy Walsh uwanja mzima, Jackie Tyrrell, beki mwingine wa Kilkenny, naye akamfuata Corbett, na watu watatu wakatembea pamoja kama wanasindikizana harusini. Kilkenny 4-24, Tipperary 1-15.

Mwaka 2014 hesabu ilitoka sawa kabisa. Kilkenny 3-22, Tipperary 1-28, zote ni 31. Mabao mawili zaidi upande mmoja, pointi sita zaidi upande wa pili. Sekunde za mwisho John O'Dwyer wa Tipperary alipewa mpira wa adhabu akiwa zaidi ya mita 90 kutoka golini. Aliupiga, ukafika, ukapita karibu na nguzo kiasi kwamba ilibidi kamera za Hawk-Eye, zinazofuatilia njia ya mpira, zilizofungwa mwaka uliotangulia kwenye uwanja wa Croke Park, Dublin, ziulizwe. Zikasema nje. Mechi ya marudiano, wiki tatu baadaye, Kilkenny walishinda 2-17 kwa 2-14.

Sidai kwamba mabao huamua kila mara. Mwaka 2016 yalilingana, mawili kwa mawili, na Tipperary wakawazidi kwa pointi tisa, 2-29 kwa 2-20. Huo ulikuwa ubora mtupu. Mwaka 2019 Tipperary walikwenda mapumziko wakiongoza 1-9 kwa 0-11, tofauti ya pointi moja, ila Kilkenny walikuwa wamebaki 14 baada ya Richie Hogan kuonyeshwa kadi nyekundu. Mtu mmoja akipungua kwenye uwanja mkubwa namna ile, pengo linaonekana nyuma kabla ya mbele. Kipindi cha pili Séamus Callanan na O'Dwyer wakafunga mabao, ikaisha 3-25 kwa 0-20.

Nirudi kwenye nusu fainali mliyoichapa, ya Julai 6, 2025. Kilkenny walikuwa na pointi kumi zaidi juu ya mtambaa panya, mkusanyiko ambao zamani ungetosha kushinda fainali mbili. Tipperary walimaliza wakiwa 14, wakaokolewa na bao la mwishoni la Oisín O'Donoghue aliyeingia kutoka benchi. Halafu kukazuka kioja ambacho hata wenyewe kiliwachanganya. Shuti moja la Tipperary lililotoka nje lilihesabiwa kwenye ubao wa uwanja kana kwamba ni pointi. Ubao ukaonyesha tofauti ya pointi tatu badala ya mbili. Ukiwa nyuma kwa tatu, unachotafuta ni bao. Ukiwa nyuma kwa mbili, unachukua pointi moja iliyo mkononi na kusubiri mpira unaofuata. Kilkenny walitafuta bao, hawakulipata. GAA, chama kinachosimamia hurling, kilitoa ufafanuzi baada ya mechi kwamba matokeo sahihi ni 4-20 kwa 0-30. Kwa hiyo, Mhariri, hamko peke yenu katika kukosea hesabu hii, ila ubao wa Croke Park ulikosea kwa moja, ninyi mmekosea kwa mia kadhaa. Wiki mbili baadaye Tipperary waliifunga Cork 3-27 kwa 1-18 na kutwaa ubingwa wa 29. Kilkenny wanao 36, wa mwisho ukiwa wa 2015.

Ombi langu ni la kawaida. Chapeni mabao, kistari, pointi, kisha jumla kwenye mabano: Tipperary 4-20 (32), Kilkenny 0-30 (30). Ukubwa wa nafasi kwenye safu hauongezeki hata kwa mstari mmoja. Msijumlishe mkaacha jumla peke yake, maana 32 kwa 30 haimwambii msomaji kwamba upande mmoja haukufunga bao lolote.

Tahadhari moja kwa dawati lenu: chama hicho hicho kinasimamia pia kandanda ya Kigaeli, ambayo nayo huandikwa kwa kistari na hufanyiwa fainali Julai kwenye uwanja ule ule. Tangu 2025, katika kandanda hiyo shuti linalopigwa kutoka nje ya tao la mita 40 likapita juu ya mtambaa panya lina thamani ya pointi mbili, na waamuzi wa golini huinua bendera ya rangi ya chungwa. Kwenye hurling sheria hiyo haipo. Bendera ni mbili tu, kijani kwa bao na nyeupe kwa pointi, hata kama mpira umepigwa kutoka mita 100.

Msomaji wa ukurasa wa michezo,
Arusha