Kwa Nini Hatupigi Lipu ya Saruji kwenye Kuta za Mawe ya Matumbawe

Kamati za misikiti na wasimamizi wa majengo ya ofisi wanaotuita Mji Mkongwe, Zanzibar, hutupokea na malalamiko yaleyale: lipu ilipigwa upya miaka michache tu iliyopita, nayo imeshavimba na kubanduka. Tukiigonga kwa kifundo cha kidole husikika uwazi kwa ndani, na kipande kikianguka, jiwe lililokuwa nyuma yake huonekana limelika na kutapakaa unga mweupe wa chumvi.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na hufyonza unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake. Waashi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana walijenga na kupiga lipu kwa chokaa, ambayo nayo hupitisha unyevu, ili ukuta uliolowa wakati wa masika ukauke jua linaporudi. Kwa mawe na chokaa ndivyo ulivyojengwa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na ndivyo Wareno walivyoijenga Fort Jesus ya Mombasa kuanzia mwaka 1593. Saruji huuziba ukuta. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, hadi kwenye vichwa vya boriti za mikoko zinazobeba sakafu. Hapo ndipo penye hofu yetu kubwa, kwa kuwa boriti ikioza ndani ya ukuta haionekani mpaka dari ianze kulegea.

Kazi yetu huanza kwa kuibandua saruji taratibu kwa patasi na nyundo, kupiga brashi chumvi ikiwa kavu, na kuuacha ukuta upumue. Kisha tunapiga chokaa iliyolowekwa vizuri na kuchanganywa na mchanga, tabaka jembamba baada ya jingine, tukiifunika kwa magunia mabichi isikauke haraka ikapasuka. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo jengo kubwa huhitaji wiki nyingi zaidi kuliko saruji, na gharama ya mafundi hupanda. Tunalisema hili kabla ya mkataba.

Mkituita kukagua, tunaomba msipake rangi kwanza, kwani mabaka ya unyevu ndiyo yanayotuonyesha maji yanaingilia wapi, na mara nyingi tunayafuata hadi kwenye mfereji wa paa ulioziba.