Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya: mate yaruhusiwe kuwapima madereva mipakani

Mheshimiwa Waziri,

Mei 2020, wakati wa janga la COVID-19, foleni ya malori Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ilienda kilomita nyingi, madereva wasio na hata kikohozi wakingoja vipimo na majibu. Sisi wataalamu wa maabara tunakuomba mate yaingizwe kwenye mwongozo wa uchunguzi wa mipakani sasa, kabla virusi vingine vya njia ya hewa havijafika.

Mengi huharibika kabla sampuli haijafika maabara. Dereva asile, asinywe, asivute sigara kwa dakika 30, na miraa pia aiweke kando. Aache mate yajikusanye, ayadondoshe chupani hadi mililita 1, povu lisihesabiwe. Asikohoe makohozi, maana huziba ncha ya pipeti, mrija wa kuchotea sampuli, na kiasi cha mate kinachochotwa kikapungua bila mtu kujua. Kwa waliokaukiwa mdomo, viwanja vya ndege vya Japani vilibandika picha za malimau ili abiria watokwe na mate.

Maabara haihitaji vifaa ghali vya kuchuja RNA, yaani chembe za urithi za virusi. Njia ya SalivaDirect ya Chuo Kikuu cha Yale, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2020, huchanganya mikrolita 50 za mate na proteinezi K, kimeng'enya kinachovunja protini, huchemsha kwa nyuzi 95 dakika 5, kisha mikrolita 5 huingia PCR, kipimo ambacho mashine hunakili chembe za urithi za virusi mzunguko baada ya mzunguko hadi zionekane. Joto lisipofika, kimeng'enya hicho hubaki hai na kuvila vimeng'enya vya PCR yenyewe. Mashine haioni kitu, na mhudumu aliyechoka anaandika "hana". Hapo ndipo tunapoogopa zaidi. Kila sampuli ipimwe pia jeni ya binadamu, ambayo mate ya kila mtu huwa nayo. Isipoonekana, hayo si majibu, kipimo kirudiwe.

Sampuli 5 zaweza kuchanganywa na kupimwa kama kikundi kimoja. Kati ya madereva 100, mmoja akiwa na virusi, vikundi 20 vitapimwa na kimoja kurudiwa mtu mmoja mmoja: vipimo 25 badala ya 100. Lakini mate yamezimuliwa mara 5, hivyo mashine huchelewa mizunguko kama 2.3, na mwenye virusi vichache anaweza kupita. Maambukizi yakipanda, uchanganyaji usitishwe, kwa kuwa karibu kila kikundi kitarudiwa.

Kabla ya kuanza, tunaomba maabara za Malaba na Namanga, kwenye mpaka wa Tanzania, ziruhusiwe kupima mate na pua za watu walewale, siku ileile, na matokeo yachapishwe yakiwa mazuri au mabaya.