Faini niliilipa siku ileile

Nyegezi, Mwanza

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima. Shemeji yako anauliza lini utaleta samaki wa Musoma, kana kwamba ziwa la Mwanza limekauka.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Umeandika wamekushika unaendesha gari umelewa, kesi ni Jumatatu, "lakini ni faini tu, nalipa naondoka." Maneno hayo nayajua, maana niliyasema mwenyewe nikiwa peku kwenye benchi la kituo, mkanda na viatu vimechukuliwa, namsubiri kaka yangu aje na kitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa kunidhamini. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatisha.

Wewe kama wengine wote unadhani nilikamatwa natoka baa. Hapana. Nilikunywa bia saba pale Kirumba, nikaacha saa saba usiku, nikalala, nikaamka, nikapiga supu ya moto na pilipili, nikapakia dagaa Mwaloni, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikasimamishwa kabla ya kufika Kisesa. Trafiki akanipa kile kimashine nipulize. Nikapuliza kwa kujiamini kabisa! Sheria inasema ukizidi miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu, umezidi, nami nilizidi. Supu haifanyi kitu, kaka. Kahawa nayo haifanyi kitu. Ini linachoma pombe kwa mwendo wake lenyewe, na bia moja ya nusu lita hulichukua saa mbili au zaidi. Piga hesabu ya bia saba uone kama jua la asubuhi lingenikuta mkavu.

Mahakamani kwenyewe hakukuchukua muda. Siku hizi mambo yote ni kwa Kiswahili tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, kwa hiyo huwezi kusingizia hukuelewa. Nilisomewa shtaka, nikaulizwa, nikajibu "ni kweli." Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya tukio, nikaulizwa tena kama ni sahihi, nikasema sahihi, na nusu ya yale maelezo sikuyasikiliza kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye magunia ya dagaa yaliyobaki kwenye gari. Hapo hapo nikatiwa hatiani. Hakimu akaniuliza kama nina la kusema kabla ya adhabu. Nikasema, "Naomba mahakama inionee huruma." Basi. Sikusema kuwa ni kosa langu la kwanza, sikusema nina watoto watatu, wala kwamba usukani ndiyo jembe langu.

Sikwambii ukakane jambo la kweli. Ninachosema ni kwamba ukishakiri kwa kinywa chako, mlango wa rufaa unabaki upenyo tu: unaweza kulalamikia adhabu, ukubwa wake au uhalali wake, lakini siyo kule kutiwa hatiani. Na hata huo upenyo una saa yake, notisi ya kukata rufaa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Mimi nilikuja kuyajua haya siku ya 60 na kitu, kwa wakili niliyekuwa nampelekea mzigo. Kwa hiyo tafuta wakili kabla ya Jumatatu, hata wa kukaa naye nusu saa, na yale maelezo yakisomwa, sikiliza neno kwa neno.

Faini niliilipa siku ileile. Haikufika hata kodi ya miezi mitano ya chumba changu. Kilichonimaliza ni sentensi iliyofuata, ya kufungiwa leseni miezi 12. Tajiri hakunitukana. Alinyoosha mkono tu, nikampa ufunguo, na kesho yake asubuhi yule kijana aliyekuwa deiwaka wangu, wa kunishikia gari siku moja moja, ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Nikashuka kuwa mhesabu magunia pale pale Mwaloni, wanaonijua wakinipungia mkono kutoka kwenye magari yao. Kuna siku nilishawishika kuendesha kimya kimya hadi Buhongwa tu. Shemeji yako akakaa juu ya begi lenye leseni, akagoma kuinuka. Nashukuru, maana kuendesha wakati umefungiwa ni kosa lingine kabisa, na ningerudi kwa hakimu yule yule.

Miezi ikaisha. Nikadhani yameisha. Tajiri mwingine, wa Fuso, alinipenda, mpaka wakala wake wa bima kubwa alipouliza kama dereva amewahi kutiwa hatiani. Maana wenye bima wana sharti lao: dereva akiwa amelewa, gari halitengenezwi kwa pesa yao. Tajiri gani atanunua wasiwasi huo?

Halafu kuna ile safari yako. Miaka yote unasema utamfuata kaka yako Kanada ukaendeshe malori. Kule, tangu Desemba 2018, kuendesha umelewa wanakuhesabu kwenye makosa mazito ya jinai, kifungo chake kinaweza kufika miaka 10, na hukumu ya huku kwetu inaweza kukufungia mlango wa kule. Hakimu hatakutajia Kanada. Faini yake itakuwa ndogo, utamshukuru, utatoka unacheka.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Unakumbuka tulivyokuwa tunalala kwenye foleni ya kivuko, tunaapa kwamba likiisha sisi ndio wa kwanza kulivuka? Nimelivuka. Kilomita tatu na ushee juu ya maji, nimekaa kiti cha dirishani kwenye basi, mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu kila dereva anapopunguza mwendo.

Nipigie kesho au keshokutwa, jioni, baada ya saa kumi na moja, magunia yakishapakiwa. Namba ya yule wakili ninayo.

Ndugu yako wa Nyegezi